Nyumba ya uzeeni kando ya uwanja wa gofu

Nchini Marekani, wastaafu wengi huhamia makazi yaliyojengwa kuzunguka viwanja vya gofu. Mfano maarufu ni Sun City, jirani na Phoenix katika jimbo la Arizona, uliofunguliwa na mkandarasi Del Webb Januari 1, 1960.

Kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1995, makazi hayo yanaweza kukataa familia zenye watoto, mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mkazi wa miaka 55 au zaidi. Hivyo, bibi anayelea mjukuu anaweza kunyimwa nafasi.

Mnunuzi aulize kwanza uwanja ni mali ya nani. Mmiliki binafsi akipata hasara, anaweza kuufunga na kuuza ardhi, na nyumba iliyogharimu zaidi kwa sababu ya mandhari ikashuka thamani. Pili, achunguze ada ya chama cha wakazi, ambayo inaweza kupanda kwa kasi kuliko pensheni. Tatu, apime umbali wa hospitali na maduka, kwani iko siku hataweza kuendesha gari.

Ni busara kupanga nyumba hapo kwa miezi michache kabla ya kutoa akiba ya maisha.