Matarajio ya Mgonjwa

Bibi mmoja wa Waa, aliyezoea tangu usichana wake kushuka pwani miguu mitupu kutafuta pweza bahari ikipwa, alinionesha unyayo wake barazani alasiri moja, na kisiginoni palikuwa na baka jeusi lenye kingo zisizo sawa, ambalo kwa miezi mingi alilidhani kuwa alama ya mwiba wa mwambani, mpaka lilipochimbika na kutoka maji. Hospitalini alikwisha kuambiwa kuwa ni melanoma, saratani ya chembe zitoazo rangi ya ngozi, ambayo kwetu sisi watu weusi ni nadra, na itokeapo aghalabu huchagua nyayo, viganja na chini ya kucha; ndiyo iliyoanzia kidoleni mwa mguu wa Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 naye ana miaka 36.

“Mwanangu,” akaniuliza, “daktari asema atanibashiria. Kwani naye hupiga ramli?”

Wayunani waliiita elimu hiyo ya daktari prognosisi, yaani kujua kabla. Na Hunayn ibn Ishaq, alipokitia kitabu cha tabibu wao Hippocrates kuhusu elimu hiyo katika Kiarabu karne ya 9, akasema taqdimat al-ma‘rifa, kutanguliza maarifa, ilhali Waarabu wa leo husema indhari, onyo. Sisi tunayo maneno, walakini kila moja lina mzigo wake: kuagua ni kazi ya mganga na mkoba wake, kutabiri, kwa asili yake, ni kufasiri ndoto, na kubashiri ni kuleta bishara, nayo bishara ni habari njema, ambayo si kila mgonjwa huipata. Nami nachagua matarajio, maadamu ndani yake mna tumaini, na maadamu mtu hutaraji kwa dalili aliyoiona, kama nahodha atarajiavyo tufani kwa kulitazama wingu.

Dalili iliyo kubwa ni kina. Alexander Breslow, tabibu wa Marekani, alionesha mwaka 1970 kwamba uvimbe huu upimwe kwa milimita, tangu juu ya ngozi hata ulikokomea chini. Kwa hesabu ya leo, usiozidi milimita 1, ukikatwa wote, aghalabu mgonjwa hupona, upitao 4, hatari yake ni kubwa. Kisha hutazamwa kama pamefanya kidonda, na kama chembe zimefika kwenye tezi za kinena, zile zikivimba tuziitazo mitoki, au zimevuka hata mapafuni na inini. Umri na afya ya mwili navyo vina sehemu yake. Lakini unyayo hautazamwi, na sehemu kubwa ya hatari yetu imo katika kuchelewa huko.

Nikamjibu bibi kwamba ajali yake aijua Mwenyezi Mungu peke yake. Daktari amepima kina cha baka, na kwa kipimo hicho anataraji.

Nawe msomaji, ukioga jioni hii, geuza unyayo uutazame. Na ukiona baka jeusi linalopanuka, usingoje lichimbike. Nenda hospitali ya Msambweni, au vuka Likoni ufike ile ya Makadara, wakate kipande wakipime.