Nyumba ya Pauni Moja

Mwaka 2013 Halmashauri ya Jiji la Liverpool ilianza kuuza nyumba kwa pauni moja. Zilikuwa nyumba za safu, za matofali mekundu, zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, kila moja ikiegemea ukuta wa jirani yake. Maombi yalimiminika. Lakini nyumba haishuki hadi pauni moja kwa umri wake tu. Kuna mkono wa mtu.

Toxteth, zilikokuwa baadhi ya nyumba hizo, kusini kidogo ya katikati ya jiji, ilijengwa karne ya 19 bandari iliponoga. Mafundi wengi walitoka Wales, na baadhi ya mitaa ina majina ya huko hadi leo. Kujenga kwa safu kulipunguza gharama: nyumba mbili zilitumia ukuta mmoja, na joto la huku likapasha kule. Ila ukuta huohuo hupitisha madhara. Nyumba moja ikihamwa na paa lake likavuja, unyevu humfikia jirani ambaye hana kosa.

Kazi bandarini zilipopungua, watu waliondoka. Jiji lililokuwa na wakazi zaidi ya 800,000 miaka ya 1930 lilibaki na takriban 440,000 mwaka 2001. Eneo la Granby, ndani ya Toxteth, lilikuwa makao ya familia nyingi za watu weusi, zikiwemo za mabaharia wa Afrika Magharibi na Wasomali, ambao ubaguzi uliwafungia milango mitaa mingine. Julai 1981 hasira dhidi ya polisi ililipuka, majengo yakateketea. Miaka iliyofuata mitaa ilivunjwa mmoja baada ya mwingine, hadi Granby ya zamani ikabaki na mitaa minne.

Kisha, mwaka 2002, serikali ikaleta mpango wa kufufua soko la nyumba. Katika maeneo mengi ya Liverpool ufufuaji huo ulimaanisha kuwahamisha watu, kuziba madirisha na kusubiri tingatinga. Mwaka 2011 fedha zilikatwa kabla kazi haijaisha, nyumba zikabaki tupu. Hapo ndipo ilipozaliwa ile pauni.

Aliyenunua nyumba hiyo alipaswa kuwa anaishi au kufanya kazi jijini, asiwe amewahi kumiliki nyumba, aikarabati ndani ya mwaka mmoja na akae humo miaka mitano. Paa, sakafu, nyaya, mabomba, vyote juu yake. Maelfu ya pauni yalifuata ile moja.

Mimi nawaheshimu zaidi wale ambao hawakuondoka kabisa. Katika Mtaa wa Cairns, mmoja wa ile minne ya Granby, wakazi wachache, wengi wao wanawake, walifagia barabara, wakapaka rangi mbao zilizoziba madirisha, wakapanga vyungu vya maua, wakaanzisha soko la kila mwezi. Mwaka 2011 waliunda amana ya ardhi ya jamii, yaani shirika la kumiliki ardhi kwa niaba ya wakazi, wakapewa nyumba 10 na halmashauri. Wakishirikiana na kundi la wasanifu liitwalo Assemble walizikarabati, na bei ya zile za kuuzwa wakaifunga kwenye kipato cha watu wa hapo, si kwenye soko. Kazi hiyo ilishinda Tuzo ya Turner, ya sanaa, mwaka 2015.

Nyumba mbili mtaani humo zilikuwa zimeoza kupita kiasi, sakafu zimeanguka hadi chini. Walizifunika kwa paa la kioo, wakapanda miti ndani. Mwaka 2019 bustani hiyo ilifunguliwa, na kuta zake bado zinashikilia nyumba za jirani.