Kuhamia inchi ya mbali na watoto kisha kuachana: sahihi ya mzazi mwengine

Hapa Kibumba, mtoto kuvuka mpaka si jambo la kushangaza. Rwanda iko pale, watu wanaenda kwa ndugu na kurudi, hakuna mwenye kuuliza kama papa anajua. Mambo inabadilika siku mama anapata njia ya Kanada ao Ubelgiji, ao dosie yake inaanza kutembea kwa HCR kule Nakivale, Uganda, na watoto aliozaa na bwana mwenye waliachana wako naye. Pale ofisi inauliza: sahihi ya baba iko wapi?

Wengi wanakasirika. Upande wa bwana wanasema « batoto ni ba papa yabo, alilipa mahari ». Mama naye anasema ni yeye analisha watoto miaka yote, baba hakutuma hata franga moja. Sheria haifuate hata mmoja wao. Kodi ya familia ya mwaka 1987, yenye ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaweka mtoto mwenye hajafikisha miaka 18 chini ya mamlaka ya baba na mama pamoja. Kisha talaka, hakimu anaangalia faida ya mtoto na kuamua atakaa kwa nani. Lakini hukumu hiyo haifute mzazi mwengine: anabakia na haki ya kumuona mtoto na kufuata malezi yake.

Shida ya kwetu ni kwamba mara nyingi hukumu yenyewe haiko. Ndoa ilifanywa mu familia, ngombe na mbuzi zikatolewa, hakuna mtu alienda eta-sivile. Kuachana pia kulifanyika kwa maneno: bibi alirudi kwao, wazee wakakaa, wakagawanya watoto. Mapatano ya wazee iko na heshima yake kijijini, lakini ambasade haiwezi kuyasoma. Mtoto mwenyewe pengine hana cheti cha kuzaliwa. Kumuandikisha kunapashwa kufanywa mu siku 90. Zikipita, ni kutafuta hukumu ya mahakama.

Kama baba anakubali, njia ni fupi. Anaandika ruhusa, anataja mtoto, inchi na mtu wa kusafiri naye, notere anaithibitisha. DGM inaiomba wakati wa kutoka. Kanada iko na fomu ya mzazi mwenye hasafiri, IMM 5604. Ubelgiji inaomba kibali cha mzazi mwengine, ao hukumu yenye inampa mzazi mmoja mtoto peke yake.

Kama anakataa ao haonekane, ni hakimu. Hapo vita imekata njia: tangu Goma ilipochukuliwa mwisho wa Januari 2025, kazi ya mahakama ilivurugika. Kwa walio kambini, HCR inafanya uchunguzi wa faida ya mtoto: wanatafuta mzazi asiyekuwepo, wanauliza ndugu, wanasikiliza na watoto wenyewe. Inachukua muda. Lakini usiseme baba amekufa wakati yuko Rutshuru anapalilia maharagi. Uongo kama huo ukijulikana unaweza kuangusha dosie ya familia nzima.

Na wewe mwenye kubakia, soma mbele ya kusaini. Kuna mapatano ya La Haye ya tarehe 25 Oktoba 1980, ya kurudisha mtoto aliyepelekwa inchi ingine bila haki. Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Amerika zimo. Kongo haimo, wala Rwanda, Burundi na Uganda. Maana yake, mtoto akishatoka hapa, mapatano hayo hayatakusaidia kumurudisha. Nguvu yako iko mu sahihi. Usiitumie kulipiza kisasi juu ya bibi mwenye alikuacha, na usiiuze. Kuomba dola mbele ya kushika kalamu ni kuuza mtoto, tuseme wazi. Omba badala yake iandikwe siku ya kupigiana simu, nani atalipa tiketi ya likizo, luga gani mtoto ataendelea kusema nyumbani, na nani atamuchukua kama mama akifa kule. Nakala mbili zenye sahihi zote, moja ibakie Kibumba.