Kwa nini muuguzi na mkunga wajue wanachoamini kabla ya zamu ya usiku

Filozofia ni neno la masomo, lakini kwa muuguzi na mkunga maana yake si ngumu. Ni lile jambo ameisha kukata ndani ya roho yake: huyu mgonjwa ni nani kwangu, na nitamfanyia nini hata kama hana feza?

Sheria ziko. Kanuni ya kimataifa ya maadili ya wauguzi ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1953, na Kongo ilipata sheria ya Ordre ya wauguzi mwaka 2016. Lakini katika vituo vya afya vya vijijini, kama vile vya upande wa Kirungu na Moba, mara nyingi usiku hakuna daktari wala mkubwa wa kuangalia. Kuna mama mwenye uchungu, taa, na muuguzi mmoja. Tena wauguzi wengi wa inchi hii hawalipwi mshahara na Serikali. Wengine wanapata prime tu, na kituo kinaishi kwa feza ya wagonjwa.

Njo hapo shida inaanza. Mama amezaa vizuri, familia haina kitu, na kituo kinamzuia yeye na mtoto mpaka deni lilipwe. Shirika la Afya Duniani, katika tangazo lake la mwaka 2014, liliweka jambo hili kati ya matendo ya kudharau mama anayezaa, pamoja na matusi na kipigo. Mwezi wa tisa 2023 Serikali ilianzisha Kinshasa programu ya kuzalisha bila malipo, ikaanza kupelekwa katika provinsi zingine. Lakini matusi hayaondolewi na programu ya feza. Mama aliyetukanwa kitandani mara ya kwanza, mimba ya pili anabaki nyumbani. Akitokwa na damu mingi kule, saa chache tu zinatosha kumuua.

Watu wa ziwa wana mfano wa karibu. Ng'ambo, Karema, upande wa Tanzania, alifanya kazi Adrien Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akakamatwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, wale wale walioanzisha misioni ya Kirungu, iliyoitwa zamani Baudouinville. Walimsomesha uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu pale mpaka kufa kwake mwaka 1956. Cheti cha Ulaya hakikumfanya adharau dawa za wenyeji. Alijifunza nazo, akaoa pale, akakaa. Mtu hakai miaka 67 mahali pamoja kwa sababu ya kanuni tu.

Marekani na Kanada, shule nyingi za uuguzi zinaomba mwanafunzi aandike ukurasa mmoja juu ya anachoamini kuhusu kazi yake. Ni zoezi la bei rahisi, linahitaji karatasi na bic tu, na shule zetu za wauguzi zingeweza kulifanya hata kesho, lakini kwa maswali ya hapa kwetu. Mama asiyelipa, nitamwambia nini asubuhi? Akipiga kelele, nitamjibu namna gani? Akifika na dawa ya bibi yake mkononi, nitaitupa, ama nitamuuliza kwanza amekunywa kiasi gani?