Gari la mbio na nailoni yake

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tumepata kuingia katika sebule ambamo makochi mapya yangali yamevaa nailoni yaliyotoka nayo dukani. Ukikaa, yanalia. Joto likizidi, nailoni inakunata mgongoni. Mgeni hucheka moyoni, lakini mwenye nyumba anajua alivyolihangaikia kochi lile, na watoto wake anawajua vilevile.

Sasa usidhani kwamba tabia hiyo ni ya wenye kipato kidogo peke yao. Matajiri wa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, wanaonunua magari ya mbio kama Porsche na Ferrari, nao huyavika nailoni. Tofauti ni kwamba ya kwao haionekani. Ni plastiki angavu, hubandikwa juu ya rangi kwa ustadi hata ukasimama hatua mbili usijue kama ipo. Na gharama ya kulivika gari zima yaweza kutosha kununua gari dogo lililokwisha kutumika.

Wapo watakaosema huo ni ufujaji tu wa fedha, nami siwezi kuwabishia sana. Lakini plastiki hiyo ina historia, na historia yake inapita katika mgodi usiokuwa na mali, gereji ya mafundi rangi wenye hasira, na uwanja wa vita. Juma hili naomba tuifuate.

Kwanza tuijue rangi yenyewe. Ukichukua rangi yote ya gari la kawaida, tangu ile ya chini inayoshika bati mpaka vanishi angavu ya juu, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Ni kama unene wa karatasi ya daftari. Hicho ndicho kinga kati ya bati na mvua. Kokoto ikirushwa na gurudumu la gari lililotangulia, ukali wa pigo lake hutegemea mwendo, na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Gari la mbio linakwenda kasi, na pua yake iko chini karibu na lami. Kila safari hudonolewa. Na rangi ikishadonolewa mpaka kwenye chuma, maji yakafika, kutu haikawii.

Basi tuingie katika historia. Mwaka 1902, huko Two Harbors katika jimbo la Minnesota, Marekani, watu watano walianzisha kampuni ya uchimbaji madini. Leo dunia inaifahamu kwa jina la 3M. Walikusudia kuchimba korandamu, jiwe gumu sana linalofaa kwa kusugulia vyuma. Walipochimba, kumbe lile halikuwa korandamu. Lilikuwa jiwe hafifu lisilofaa kwa kazi hiyo. Kampuni nusura ife. Ikalazimika kununua malighafi ya wengine na kutengeneza msasa, na miaka mingi ilipita kabla haijasimama imara.

Mwaka 1921 kampuni hiyo ilitoa msasa usioharibika kwa maji. Mafundi rangi wa magari waliupokea kwa mikono miwili, maana msasa mkavu ulikuwa ukiwajaza mapafuni vumbi la rangi zenye madini ya risasi. Kwa hiyo kampuni ikawa na mazoea ya kupeleka watu wake katika gereji, kujaribu msasa na kusikia mafundi wanasemaje. Mazoea hayo ndiyo yaliyozaa yote yaliyofuata.

Wakati huo magari yenyewe yalikuwa yakibadilika. Ford Model T, tangu mwaka 1914 hadi 1925, ilitoka kiwandani ikiwa nyeusi tu. Lakini mwaka 1923 kampuni ya General Motors, ikisaidiana na DuPont, ilileta rangi mpya iitwayo Duco. Rangi za zamani zilichukua siku nyingi kukauka. Hii ilikauka kwa saa. Ghafla mteja aliweza kuchagua bluu au kijani. Na binadamu akishapewa moja hutaka mbili: ikazuka fasheni ya magari ya rangi mbili, juu hii na chini ile.

Kwa mteja ule ulikuwa urembo. Kwa fundi ulikuwa balaa. Ili apige rangi ya pili, ilimbidi kwanza aifunike ile ya kwanza. Alitumia magazeti na gundi, au plasta za hospitali. Alipokuja kubandua, gundi iling'ang'ania, na rangi mpya ikabanduka nayo. Kazi ya siku kadhaa ikarudi mwanzo, na hasara ikawa juu yake.

Siku moja katika mwaka huo wa 1923, kijana wa 3M aitwaye Richard Drew aliingia katika gereji moja mjini St. Paul kujaribu msasa, akawakuta mafundi wakiporomosha matusi juu ya rangi iliyobanduka. Drew hakuwa mkemia. Alikuwa ameacha chuo kikuu njiani, na ada yake alikuwa akiichangia kwa kupiga banjo katika bendi za dansi. Lakini aliwaahidi mafundi wale kwamba atawatengenezea utepe utakaoshika vizuri na kuachia vizuri.

Shauri likawa zito kuliko alivyodhani. Gundi ya kushika ni rahisi, hata ulimbo unashika. Kinachotakiwa ni gundi yenye adabu, inayoshika muda wote wa kazi na kukubali kuondoka ikiambiwa basi. Alihangaika miezi mingi bila mafanikio, hata bosi wake, William McKnight, akamwamuru aachane na jambo hilo arudi kwenye msasa. Drew alitii kwa muda, kisha akarudia majaribio yake. Alipoomba fedha za kununua mashine, akanyimwa. Sasa yeye alikuwa na mamlaka ya kuidhinisha manunuzi yasiyozidi dola 100. Basi akaandika hati za dola 99, moja baada ya nyingine, mpaka mashine ikapatikana.

Mwaka 1925 utepe ukatoka. Inasimuliwa kwamba wa kwanza ulikuwa na gundi pembezoni tu, na fundi mmoja akamwambia Drew aurudishe kwa mabosi wake Waskoti, yaani wabahili, wakaongeze gundi. Ndiko lilikotoka jina la Scotch. Mwaka 1930 Drew huyo huyo akatoa utepe angavu wa karatasini, ndugu wa hii tunayoiita selotepu. Kuhusu McKnight, historia inampa haki yake: alipojua ujanja wa zile hati hakumfukuza kijana, na baadaye aliifanya iwe sera ya kampuni kwamba mfanyakazi apewe nafasi ya kujaribu mawazo yake.

Sasa tunaondoka Minnesota. Mwaka 1937, huko Leverkusen nchini Ujerumani, mkemia Otto Bayer na wenzake waligundua jinsi ya kutengeneza poliyurethani, jamii ya plastiki ambayo baadhi yake hunyumbuka kama mpira na huku ni ngumu kuchanika. Kokoto ikiipiga, plastiki ya namna hiyo hubonyea na kurudi mahali pake, wakati rangi ngumu ya gari hupasuka.

Plastiki hiyo na gundi yenye adabu vilikuja kukutana vitani. Katika vita vya Vietnam, Wamarekani walitumia takriban helikopta 7,000 za aina ya Bell iliyopewa jina la utani Huey. Mapanga yake yalizunguka kwa kasi kubwa, hata ncha zake zikakata hewa kwa karibu kilometa 900 kwa saa. Helikopta ikitua penye vumbi, inajipulizia yenyewe mchanga, na kwa kasi hiyo kila punje ni patasi. Kingo za mapanga zikaliwa. Panga likiliwa, helikopta hutetemeka na kupoteza nguvu, na waliomo ndani wako hatarini. Katika miaka ya 1960, 3M ikatengeneza utepe wa poliyurethani wa kubandikwa kwenye kingo zile. Ukichakaa unabanduliwa, unabandikwa mwingine, na panga linabaki salama.

Nisieleweke vibaya. Vita vile viliangamiza watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wavietnam wasiokuwa na silaha, wala utepe mzuri haufuti damu. Nasema tu kwamba anayeliangalia gari la mbio linalong'aa leo, anaangalia ngozi iliyofanyiwa majaribio juu ya vichwa vya askari.

Kutoka angani utepe ulishuka barabarani. Wa kwanza kuupenda walikuwa watu wa mashindano ya magari, ambao kokoto na vipande vya mpira ni chakula chao cha kila siku. Lakini plastiki ya zamani ilikuwa nzito na kaidi kwenye mikunjo, na ikikaa juani ilibadilika ikawa ya manjano kama karatasi ya kale. Porsche, katika 911 Turbo za miaka ya 1970, walikubali hata kinga inayoonekana. Matao ya magurudumu ya nyuma ya gari lile yalikuwa yametanuka kwa nje, na magurudumu ya mbele yakayarushia mawe. Kiwanda kikabandika kipande cheusi mahali pale, na watu wakakizoea wakakiona ni sehemu ya urembo. Siku hizi kipande hicho ni angavu.

Sisi wa Afrika Mashariki mawe hayo tunayafahamu. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mara tatu, miaka ya 1972, 1974 na 1978, na ushindi haikuuonja. Barabara zetu za changarawe hazikuuliza bei ya gari.

Plastiki ya leo ina unene wa kama sehemu mbili za kumi za milimita, yaani kinga ni nene kuliko rangi inayokingwa. Fundi huosha gari mpaka lisibaki na punje, hunyunyiza maji ya sabuni ili plastiki iteleze, kisha huyasukuma maji yatoke kwa kipande cha mpira, polepole, asiache lengelenge. Nyingine zina tabaka la juu ambalo mikwaruzo midogo hujifuta yenyewe ikipata joto la jua au maji moto.

Hata hivyo, muulize fundi wa kazi hiyo anaogopa nini. Atakwambia anaogopa siku ya kubandua. Kama gari lilikwisha kupigwa rangi upya kwa kulipua, plastiki ikitoka inaweza kuondoka na rangi. Ni kilio kile kile cha St. Paul mwaka 1923. Miaka mia moja imepita, na swali halijabadilika: utashikaje kitu bila kukiharibu siku ya kukiachia?

Ndugu msikilizaji, sikuleta habari hizi ili uende ukalivike gari lako nailoni. Wengi wetu tunasafiri kwa daladala na matatu, na rangi yake si juu yetu. Nimezileta kwa sababu ya yule kijana wa msasa. Alitumwa kuuza kitu kimoja, akasikia kilio cha jambo jingine, na hakusema hiyo si idara yangu. Aliporudi ofisini aliambiwa aache upuuzi. Katika ofisi na viwanda vyetu, akina Drew wapo. Ni karani anayejua kwa nini foleni haisogei, ni fundi anayejua mashine inakufa kwa sababu gani, ni nesi anayejua dawa zinaishia wapi. Wakisema, wanaambiwa warudi kwenye msasa wao. Tena wao hawana hata zile hati za dola 99.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huonwa kwanza na anayefagia chumba. Heri kiongozi anayemuuliza mfagiaji.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.