Katizo lisilotumika
Katizo lisilotumika ni lile ambalo mwandishi wa programu ya maikrokontrola hakuliandikia utaratibu wa kulihudumia. Hata hivyo lina nafasi yake katika jedwali la vekta, na likiwezeshwa kimakosa, prosesa itarukia anwani iliyomo humo. Kwenye maikrokontrola ya ATmega328P, yenye vekta 26, maktaba ya avr-libc huzielekeza zote zisizoandikiwa kwa __bad_interrupt, ambayo huirudisha programu mwanzo. Huko si kuanza upya kwa kweli: rejista za vifaa vya ndani hubaki na thamani zilezile, na kosa hujificha. Afadhali kuandika utaratibu wa BADISR_vect, unaopokea makatizo yote yasiyoandikiwa, ambao unazima mota na hita, kuweka alama ya kosa katika EEPROM, kisha kuiachia taima ya ulinzi iwashe chipu upya.