Mchoro wa Mmea na Jina Lake: Fungu la Songea katika Historia ya Uchoraji wa Mimea

Katika elimu ya mimea mchoro si pambo la kitabu. Mmea uliokatwa, ukabanwa kati ya karatasi na kukaushwa, hupotewa na rangi yake, na ua lake hulala bapa kama jani. Mchoraji hulichukua ua hilo kavu, akalilainisha katika maji ya moto, akalipasua chini ya hadubini, kisha akachora kwa wino kila sehemu kwa kipimo chake, tangu petali hata mbegu. Hivyo ukurasa mmoja hukusanya mambo yasiyoonekana pamoja porini, kwa kuwa ua na tunda aghalabu haviji katika msimu mmoja. Walakini mchoro, hata uwe sahihi namna gani, hauneni. Hausemi mmea unaitwaje na watu wanaokaa nao, wala unawafaa kwa nini. Historia ya Songea yaonyesha jinsi umbo na jina vilivyotengana, na ni kazi ya nani kuvikutanisha tena.

Bustani ya mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1893, na ile ya Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Nia yake kubwa ilikuwa kujaribu mazao ya biashara. Songea ilikuwa mbali na bustani hizo. Fungu lake lilikuwa kutoa mimea, si kuipokea. Mnamo miaka ya 1900 na 1901 mtaalamu Walter Busse alisafiri katika nchi za kusini mpaka Songea na Ziwa Nyasa, akakusanya vielelezo vilivyopelekwa Berlin. Mti mmoja wa jamii ya miyombo ukapewa jina lake, Brachystegia bussei. Jina la msafiri likaingia katika jina la mti; majina ya wapagazi waliobeba mizigo yake hayakuingia. Miaka michache baadaye nchi ile ile iliingia katika Vita vya Maji Maji, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji waitwa kwa jina lake, akanyongwa mwaka 1906.

Thamani ya mchoro ilidhihirika kwa msiba. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 jengo la mimea iliyokaushwa la Berlin liliungua kwa mabomu, na sehemu kubwa ya vielelezo vya kwanza vya mimea ya Afrika Mashariki ikateketea. Kwa mimea mingine, ushahidi uliosalia ni maelezo yaliyokwisha kuchapwa na michoro iliyoambatana nayo. Kilichofanywa na mkono wa mchoraji kikadumu kuliko kile alichokichora.

Ilipasa basi kukusanya upya. Mwaka 1952 yalianza kutoka mafungu ya kitabu kikuu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kilichosimamiwa katika bustani ya Kew, London. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 2012, ikiwa imeeleza aina zaidi ya 12,000. Kwa ajili yake Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor walikaa wilayani Songea katika miaka ya 1955 na 1956, wakakusanya tangu misitu ya miyombo hata milima ya Umatengo. Mkusanyo wao ni miongoni mwa mikubwa iliyopata kufanywa kusini mwa Tanzania, na nambari zao zatajwa tena na tena katika kurasa za kitabu hicho. Hivyo Songea ikaingia katika michoro ya dunia. Lakini shabaha ya kitabu ilikuwa uainishaji, si msamiati wa wenyeji. Mtu wa Songea akikifungua ataukuta mmea wa nyumbani kwake kwa umbo lake kamili, ukiitwa kwa Kilatini.

Kandokando ya wataalamu hao palikuwa na watu wa namna ya pili, yaani wale waliofanya kazi ya mimea kwa mapenzi na kujitolea. Mwaka 1934 wanachama wa Chama cha Bustani cha Kenya, pamoja na watumishi wa serikali, walitoa kitabu cha ukulima wa bustani katika Afrika Mashariki, chini ya uhariri wa Arthur Jex-Blake. Joy Adamson, aliyefika Kenya mwaka 1937, alianza kuchora maua kwa kutiwa moyo na mumewe wa wakati huo, mtaalamu wa mimea Peter Bally. Michoro yake ya rangi ilikiingia kitabu hicho katika matoleo ya baadaye, na mwaka 1947 alipata nishani ya dhahabu ya Grenfell huko London. Mamia ya michoro yake yalibaki katika jumba la makumbusho la Nairobi. Desturi hiyo ya kujitolea haikukoma na ukoloni. Bustani ya miti ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907, ilipokuwa imezorota, raia walijiunga mwaka 1993 katika chama cha marafiki wa bustani hiyo ili kuirudishia hali yake.

Hata hivyo wapo watu wa kujitolea wa namna ya tatu, ambao historia huwasahau: wenyeji waliojibu swali, “Huu waitwaje?” Faida ya jibu lao yaweza kuonekana katika mti mmoja. Uapaca kirkiana ni mti wa matunda ya porini unaopendwa sana Songea. Jina lake la Kilatini ni ukumbusho wa John Kirk, aliyekusanya mimea katika bonde la Zambezi pamoja na Livingstone, kisha akawa balozi wa Uingereza Unguja, ambako alitunza bustani Mbweni. Kamusi za Kiswahili huuita mkusu. Lakini Wangoni na Wamatengo husema masuku, na jina hilo ndilo la Wachewa wa Malawi na Wabemba wa Zambia. Sauti k na s zimebadilishana nafasi, na mpaka wa mabadiliko hayo wapita katika nchi yenyewe. Je, neno hili lilikuja na Wangoni, waliovuka Zambezi mwaka 1835, au liliwakuta kandokando ya Ziwa Nyasa? Hilo ni swali la historia, na mchoro peke yake usingeliibua kamwe.

P. J. Greenway wa Amani aliitambua haja hiyo, naye mwaka 1940 akatoa toleo la pili la kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili na Kilatini. Hata hivyo kamusi ni orodha ya maneno. Asiyeujua mti hawezi kuuona ndani yake. Umbo na jina vilikaa katika ukurasa mmoja hasa mwaka 2002, katika kitabu cha mimea ya porini iliwayo Tanzania cha Ruffo, Birnie na Tengnäs, ambamo kila mmea una mchoro wake, majina yake katika lugha za makabila, na jinsi unavyoliwa.

Kitabu hicho chaonyesha njia, lakini chahusu chakula tu. Miti ya dawa, ya kamba, ya rangi na ya matambiko yangali yahitaji mkono na sikio kama hayo. Kielelezo cha mwaka 1955 chaweza kuchorwa leo, na hata baada ya miaka 100, kwa kuwa karatasi yakitunza. Jina la Kimatengo halina karatasi. Hukaa kinywani mwa mzee, na mzee hangoji. Kwa hiyo anayetaka kuitumikia bustani, awe mchoraji au mtu wa kujitolea, hana budi kumtafuta kwanza yule ajuaye jina, na kuliandika jina la mjuzi huyo chini ya mchoro, pale palipozoea kuandikwa la msafiri.